Mwandishi wa Kujitegemea na Mradi wa Wadi Yake: Mwongozo Kamili wa Kuufuatilia Mpaka Upate Makala Inayonunuliwa

Makala za wadi hurudishwa na wahariri kila wiki, na kosa huwa ni lilelile. Mwandishi ameenda kikaoni, amenukuu wakazi watatu waliokasirika na MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, aliyeahidi kulishughulikia jambo, amepiga picha ya watu wameketi chini ya hema, ametuma. Mhariri akiuliza mradi ulitengewa shilingi ngapi na zimelipwa ngapi, mwandishi hana jibu. Makala inafia hapo, na nauli imeshaliwa.

Mwongozo huu ni wa Kenya, kwa mwandishi asiyeajiriwa na gazeti wala redio, anayeishi katika wadi anayoiandika. Unafuata mradi mmoja tu wa kaunti. Mfano wetu ni wodi ya kujifungulia katika zahanati ya kijijini. Takwimu za shilingi zilizomo ni za mfano. Tarehe na vifungu vya sheria ni vya kweli. Utaratibu ni karatasi kwanza, kikao baadaye. Wengi huufanya kinyume.

## Utakachohitaji

- Daftari moja kwa mradi mmoja, kurasa umezipa nambari kwa mkono wako kabla ya kuanza. Siku ukiambiwa umebuni nukuu, daftari lenye kurasa zinazofuatana na tarehe litakutetea.
- Simu yenye nafasi ya kurekodi saa tatu, na pawabenki. Vikao vya bajeti huchelewa kuanza, na umeme wa ukumbi si wa kutegemea.
- Tepu ya fundi ya mita 5. Kwa barabara au ua, tafuta ya mita 30.
- Kitambulisho cha taifa. Haki ya kuomba hati za serikali kisheria ni ya raia, kwa hiyo utaulizwa.
- Kadi ya Baraza la Vyombo vya Habari kama unayo. Hurahisisha mambo mlangoni, lakini usikubali kuzuiwa kwa kukosa kadi: Kifungu cha 196 cha Katiba kinataka bunge la kaunti na kamati zake zifanye kazi hadharani, na umma hauwezi kufungiwa nje isipokuwa Spika ameamua kuna sababu ya kipekee.
- Nauli ya safari nne: mbili za kwenda kwenye mradi, moja ya kikao, moja ya makao makuu ya kaunti.
- Muda wa wiki sita hadi nane. Barua moja pekee inaweza kukula siku 21.

## Hatua ya 1: Chagua kiti kabla ya kuingia ukumbini

Kwenye wadi yako unaweza kuwa mkazi, mwandishi, au mjumbe wa kamati ya mradi. Kuna na kiti cha nne ambacho watu hukikalia bila kukitaja: mtu wa mgombea.

Mkazi na mwandishi vinachukuana, mradi useme wazi ndani ya makala: "Mwandishi wa makala hii anaishi katika wadi hii." Sentensi moja inatosha. Mjumbe wa kamati ya mradi na mwandishi havichukuani hata kidogo. Mjumbe huulizwa kama kazi imefanyika, na sahihi yake inaweza kutumika kuonyesha kwamba jamii imeridhika. Huwezi kuweka sahihi asubuhi na jioni ukaandika kwamba kazi ilikuwa mbovu. Ukichaguliwa kwenye kamati, mpe mwandishi mwenzako mradi huo, wewe uchukue wa wadi jirani.

Kiti cha mgombea ndicho chenye pesa. Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, na wagombea wa udiwani wa kaunti hutafuta mapema watu wa kuwaandikia hotuba, mabango na jumbe za WhatsApp. Kazi hiyo ni halali na hulipa kuliko makala. Lakini ukiichukua, acha kuandika habari za wadi hiyo mpaka uchaguzi upite, na umwambie mhariri wako mwenyewe kabla hajaambiwa na wengine. Wadi ni ndogo. Nani analipwa na nani hujulikana kabla M-Pesa haijaingia.

Onyo kuhusu karatasi za sahihi. Kikaoni zitapita karatasi mbili. Ya kwanza ni ya mahudhurio. Weka sahihi, lakini mbele ya jina andika "mwandishi", kwa sababu orodha hiyo huambatishwa kwenye ripoti kama ushahidi kwamba umma ulishirikishwa. Ya pili ni ya nauli au chakula cha mchana. Hiyo ipishe. Hata mia tano ikiandikwa mbele ya jina lako, itatolewa siku makala itakapouma.

Utajua umefaulu ukiweza kueleza kwa sentensi moja, bila kujikuna kichwa, uko pale kwa niaba ya nani.

## Hatua ya 2: Hakikisha mradi ni wa nani

Hapa ndipo makala nyingi huharibika kabla hazijaandikwa. Mwandishi anamkaanga MCA kwa darasa lililobomoka la shule ya msingi, kumbe shule ya msingi si kazi ya kaunti.

Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi. Kwa kifupi: zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, masoko, taka na barabara za kaunti ni za serikali ya kaunti. Shule za msingi na sekondari, polisi na ofisi za machifu ni za serikali kuu. Pesa za NG-CDF, zinazopitia eneo bunge na kufungamanishwa na mbunge, hujenga zaidi madarasa na vituo vya usalama.

Barabara ndizo zenye utata. Moja inaweza kuwa ya KeNHA, inayoungana nayo ya KURA au KeRRA, ambazo zote ni mamlaka za barabara za serikali kuu, na kichochoro cha pembeni ni cha kaunti. Usikisie. Uliza ofisi ya kazi za umma ya kaunti barabara hiyo iko kwenye orodha ya nani, uandike jina na cheo cha aliyekujibu na tarehe.

Bango la mradi husaidia. Linapokuwepo huonyesha jina la mradi, mfadhili, kontrakta na mara nyingine gharama na tarehe za kuanza na kumaliza. Lipige picha siku ya kwanza. Mabango yana tabia ya kuhama.

## Hatua ya 3: Tafuta karatasi kwa mwezi wake

Mwaka wa fedha huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imepanga tarehe, nawe ukizijua hutahangaika kuomba kitu ambacho hakijazaliwa au kilichokwisha kuzikwa.

- 1 Septemba: mpango wa maendeleo wa mwaka, ambao ofisini huitwa ADP, unafikishwa bungeni. Huu ni orodha ya matamanio ya mwaka wa fedha unaofuata. Mradi kuwa humu hakumaanishi una pesa.
- 28 Februari: waraka wa mkakati wa fedha, CFSP. Huweka dari ya kila idara, yaani kiwango cha juu cha pesa zake. Bunge la kaunti lina siku 14 kuujadili. Ukitaka idara ya afya iongezewe, hapa ndipo pa kusemea. Ikifika Mei dari limeshapigwa.
- 30 Aprili: makadirio ya bajeti yanafika bungeni. Humu ndimo mradi mmojammoja huonekana, na vikao vya umma vya kamati ya bajeti hufuata.
- 30 Juni: bajeti inatakiwa iwe imeidhinishwa.
- Mwezi mmoja baada ya kila robo ya mwaka kuisha: hazina ya kaunti inatakiwa kufikisha bungeni na kuchapisha ripoti ya matumizi. Robo huisha 30 Septemba, 31 Desemba, 31 Machi na 30 Juni.

Anza na tovuti ya kaunti, sehemu ya hazina au fedha. Kisha tovuti ya bunge la kaunti. Ukikosa kote, nenda kwa karani wa bunge la kaunti mwenyewe. Hati iliyokwisha kuwasilishwa bungeni ni hati ya umma. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti hupatikana kwenye tovuti ya ofisi yake, zikiwa na sura ya kila kaunti kati ya 47. Za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huja baadaye: Katiba humpa miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha.

Kosa la kawaida: kutumia ADP kana kwamba ni bajeti. Mwandishi huandika "kaunti ilitenga milioni 6", kumbe ilipendekeza tu. Kabla hujaandika neno "ilitenga", angalia jalada la hati kama limeandikwa kwamba ni makadirio yaliyoidhinishwa.

## Hatua ya 4: Soma mstari mmoja, usisome bajeti

Bajeti ya kaunti ina mamia ya kurasa. Hakuna anayekulipa kuzisoma zote. Fungua PDF, tafuta jina la zahanati, kisha jina la wadi, kisha jina la kata ndogo, kwa sababu makarani huandika majina wanavyosikia. Zahanati moja inaweza kuandikwa kwa tahajia tatu. Ikiwa PDF ni ya skani na haitafutiki, nenda moja kwa moja kwenye kiambatisho cha miradi kilichopangwa kwa wadi, kwa kawaida mwishoni mwa hati.

Ukiupata mstari, nakili haya daftarini: jina la hati, mwaka wa fedha, ukurasa, jina la mradi kama lilivyoandikwa pamoja na makosa yake, kiasi, idara.

Sasa fanya kitu ambacho wengi hawakifanyi. Tafuta bajeti ya ziada ya mwaka huohuo, mahali palepale. Kaunti huruhusiwa kurekebisha bajeti katikati ya mwaka, na huku ndiko miradi hupunguzwa, huhamishwa au hupotelea bila mkutano wala kelele. Bajeti ya Juni huwa na hema na vipaza sauti. Ya ziada hupita kimyakimya.

Tuseme umepata hivi:

- Bajeti iliyoidhinishwa: 4,500,000
- Bajeti ya ziada: 2,700,000
- Iliyolipwa mpaka mwisho wa mwaka: 1,900,000

Ukigawanya 1,900,000 kwa 4,500,000 unapata asilimia 42. Ukigawanya kwa 2,700,000 unapata asilimia 70. Zote mbili ni hesabu sahihi. Afisa wa kaunti atakuambia 70, mpinzani wa MCA atasema 42. Kazi yako ni kumpa msomaji tarakimu zote tatu na kumweleza 1,800,000 ziliondolewa lini na kwa hati ipi. Mara nyingi hapo ndipo kwenye habari yenyewe, wala si kwenye ukuta wenye nyufa.

Jambo moja la kuwa nalo makini: ripoti ya Msimamizi wa Bajeti huzungumzia zaidi idara na programu kuliko zahanati mojamoja. Ikisema idara ya afya ilitumia asilimia 38 ya fedha za maendeleo, usiandike kwamba zahanati yenu ilipata asilimia 38. Malipo ya mradi mmoja utayapata kwa barua, hatua ya 7.

Utajua umefaulu mtu akikuuliza "umetoa wapi?" nawe ukamtajia hati na ukurasa kabla hajamaliza kuuliza.

## Hatua ya 5: Nenda ukapime

Nenda siku ya kazi, asubuhi. Jitambulishe kwa mhudumu mkuu wa zahanati kabla ya kutoa simu. Usipige picha ya mgonjwa wala mtoto. Wodi ya kujifungulia si mahali pa kuvizia.

Andika unachokiona kwa namba. Milango mingapi, madirisha mangapi, yenye vioo mangapi. Pima urefu na upana wa chumba kwa tepu, na uiache tepu ionekane kwenye picha. Kila kitu kipige picha tatu: kwa mbali ili mahali patambulike, kwa karibu, na pale penye kasoro. Washa tarehe na mahali kwenye kamera.

Kisha angalia viungo, yaani pale kitu kimoja kinapotakiwa kushikana na kingine, kwa sababu kontrakta aliyeishiwa pesa huishiwa hapo. Tangi la maji limesimama, lina maandishi ya lita 10,000 ubavuni, kwa picha iliyopigwa kutoka kwenye gari linalopita ni tangi kamili. Lisogelee. Ligonge kwa kiganja chini, kisha juu: likilia ngoma toka chini hadi juu, ni tupu. Fuata mfereji wa paa kwa macho uone kama unafika kwenye tangi au umeishia hewani. Shuka kwenye bomba la kutolea, fungua koki. Kama koki bado ina nailoni ya dukani, iandike. Vivyo hivyo kwa umeme: nyaya ukutani si umeme, tafuta mita. Vivyo hivyo kwa choo: inua kifuniko cha shimo uone kama bomba limeingia.

Muulize mhudumu maswali ya matumizi, si ya maoni. "Mama wa mwisho alijifungulia humu tarehe gani?" hukupa jibu lenye uzito. "Unaionaje hali?" hukupa nukuu ya lawama na humtia mhudumu matatani bure, kwani ni mwajiriwa wa kaunti. Akiomba asitajwe, kubaliana naye papo hapo kuhusu utakavyomtaja, uandike daftarini.

Usiseme kazi ni mbovu. Hujui nguvu ya zege kwa kulitazama. Sema ufa una urefu wa mita 1.4 kutoka kwenye kona ya dirisha, mwenye taaluma aseme mengine.

## Hatua ya 6: Sasa nenda kikaoni

Siku saba kabla, piga simu kwa msimamizi wa wadi uthibitishe mahali na saa. Matangazo ya kikao hubandikwa ofisi ya wadi, ya chifu, msikitini na kanisani, na hubadilika usiku. Ukipata kwenye kundi la WhatsApp la wadi tu, ithibitishe kwanza. Makundi hayo yana uongo mwingi kuliko ukweli, ijapokuwa ukweli wenyewe huanzia humo pia.

Fika na nakala ya ukurasa wako wa bajeti. Utaona hali ya kuchekesha: watu mia wanajadili bajeti, na nakala ya bajeti ni moja, iko mezani kwa afisa.

Ukiwa kwenye kiti cha mwandishi, usisimame kutoa hotuba. Muulize afisa wa fedha pembeni, kikao kikiisha. Ukiwa umekuja kama mkazi, basi zungumza, lakini siku hiyo usiandike habari ya kikao. Na usitegemee kinywa: dakika mbili za maikrofoni huandikwa na karani kuwa "wakazi waliomba zahanati". Peleka maoni kwa maandishi, ukurasa mmoja, yenye vitu vinne: mradi na ukurasa wake, unachotaka kibadilike, kiasi, na pesa zitoke mstari gani. Hicho cha mwisho ndicho hufanya maoni yasitupwe. Kamati inayoambiwa "ongezeni" haina la kufanya, ilhali inayoambiwa toa laki nane hapa peleka pale inalazimika kukubali au kukataa. Peleka nakala mbili, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo.

## Hatua ya 7: Andika barua ya kuomba habari

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba kwa Kiswahili au Kiingereza. Huhitaji kueleza sababu. Huhitaji fomu maalumu. Ombi haliwezi kukataliwa kwa sababu tu hukutumia fomu yao. Kuomba ni bure, utalipia kunakili tu. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Wanaweza kuongeza siku zisizozidi 14 mara moja, kama hati ni nyingi au wanahitaji kushauriana.

Barua ifupike hivi:

> Kwa Afisa wa Upatikanaji wa Habari, kupitia Katibu wa Kaunti
>
> KUH: OMBI LA HATI ZA MRADI WA WODI YA KUJIFUNGULIA, ZAHANATI YA ______, MWAKA WA FEDHA ______
>
> Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba nakala za:
>
> 1. mkataba uliotiwa sahihi na kontrakta;
> 2. orodha ya vipimo na bei za kazi, yaani BQ;
> 3. vyeti vyote vya malipo vilivyotolewa hadi tarehe ya barua hii;
> 4. kumbukumbu za ukaguzi au za kukabidhiwa jengo, kama zipo.
>
> Niko tayari kuzipokea kwa barua pepe. Gharama ya kunakili nitailipa.
>
> Jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi, tarehe.

Kwa nini hati hizi nne? BQ hukuambia tangi na mfereji vililipiwa bei gani. Cheti cha malipo hukuambia kama viliidhinishwa kuwa vimekwisha. Ukiweka cheti kinachosema mfereji umekamilika kando ya picha ya mfereji ulioishia hewani, huna haja ya kivumishi hata kimoja.

Linaloharibika: mtu huomba "habari zote kuhusu afya wadini". Ombi pana hujibiwa kwa ukimya au kwa kijitabu cha picha za gavana. Taja hati kwa jina.

Usiiachie barua mlinzi langoni. Ifike masjala, nakala yako igongwe muhuri wenye tarehe, kisha itume pia kwa barua pepe siku hiyohiyo. Hesabu ya siku 21 huanza na muhuri huo. Siku ya 14 piga simu kwa upole. Siku ya 22 bila jibu, sheria inahesabu kwamba umekataliwa, na una siku 30 kuomba uamuzi huo upitiwe upya na Tume ya Haki za Kiutawala, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ombudsman. Ambatisha nakala yenye muhuri.

Makala haihitaji kusubiri mwisho wa safari hiyo. "Ombi la hati lililopokelewa tarehe fulani halikuwa limejibiwa baada ya siku 30" ni ukweli unaochapishika.

## Hatua ya 8: Mpe anayetajwa nafasi ya kujibu

Kila utakayemtaja kwa ubaya aulizwe kabla: idara, kontrakta, MCA. Tuma maswali kwa maandishi, yenye namba, yakitaja hati na ukurasa, na umpe angalau saa 48. Usimpe makala aisome. Akijibu kwa simu, mwambie unarekodi.

Hii si adabu tu. Kesi ya kuchafua jina mwandishi wa kujitegemea anaweza kuibeba peke yake ikiwa mhariri ataona hukuuliza. Na mara moja katika miradi michache, jibu linageuza habari nzima: 1,800,000 zile zilihamishiwa ambulensi, na barua ipo.

## Hatua ya 9: Andika maneno 900

Mwanzo unaorudishwa: "Wakazi wa wadi hii wamelalamikia kucheleweshwa kwa mradi wa zahanati huku wakiitaka serikali kuingilia kati."

Mwanzo unaonunuliwa: "Tangi la lita 10,000 nyuma ya wodi mpya ya kujifungulia halijawahi kuingia maji. Mfereji unaotakiwa kulijaza umeishia hewani, mita 3 kabla ya kulifikia. Kwenye bajeti, wodi hii ilitengewa shilingi 4,500,000. Kufikia mwisho wa mwaka, 1,800,000 zilikuwa zimehamishwa."

Aya ya pili: ulichokikuta, kwa namba. Ya tatu na ya nne: hati, na tarehe ya bajeti ya ziada. Katikati: mama mmoja au mhudumu mmoja, si umati. Kisha jibu la kaunti, lote la maana, usilifiche chini kabisa. Mwisho: nini kinafuata na lini. Tarakimu zisizidi tatu katika aya moja.

## Hatua ya 10: Iuze bila kujinyonga

Kabla ya kuandika, tuma pendekezo la mistari sita kwa mhariri mmoja: tangi, tarakimu tatu, hati ulizonazo, picha ngapi, maneno mangapi, lini. Mpe siku tatu, kisha mpelekee mwingine. Kuwapelekea wahariri wanne kwa pamoja bila kuwaambia hukufungia milango minne kwa siku moja.

Muulize bei na siku ya malipo kabla ya kutuma makala, na kama picha hulipwa kando. Uwe na PIN ya KRA, mamlaka ya kodi, na ujisajili eTIMS, mfumo wake wa ankara za kielektroniki, kwa sababu kampuni inahitaji ankara ya huko ili matumizi yake yatambuliwe kwenye kodi. Ukikosa, jina lako litakaa chini ya rundo la wanaodai.

Piga hesabu kwa ukweli. Safari nne, nakala, bando, na wiki sita: makala moja haiwezi kurudisha yote. Mali yako ni daftari. Toa humo habari ya gazeti, kisha maelezo ya dakika nne ya redio ya kaunti kwa lugha ya pale, kisha uchambuzi wa namna bajeti ya ziada ilivyoathiri wadi jirani. Kila mnunuzi aambiwe wazi nini kimeshatoka wapi.

## Baada ya kuchapishwa

Mpelekee nakala mhudumu wa zahanati na msimamizi wa wadi. Ukiambiwa umekosea, angalia daftari kwanza. Ukiwa umekosea kweli, mwombe mhariri arekebishe siku hiyohiyo na uandike marekebisho hayo daftarini. MCA akikutumia salamu za kukualika chai, kunywa hadharani na ujilipie.

Kisha weka alama kwenye kalenda: mwezi mmoja baada ya robo inayofuata kuisha. Siku hiyo fungua ripoti mpya ya matumizi, idara ileile, na uandike mapema barua fupi ya kuomba vyeti vya malipo vilivyotolewa tangu barua ya kwanza. Ukishaipeleka masjala, pitia zahanati ukaligonge tena lile tangi.